Fungu la Mechi ya Mwisho

Walikuwapo watu watatu wa mpira, kila mmoja na kipaji chake. Bi Kalunde wa Urambo alikuwa na jicho: akimwona kijana akigusa mpira mara mbili, anajua. Shomvi, mwenyekiti wa Mwambao, mabingwa wa ligi kuu, alijua kujaza uwanja. Mwidadi, kocha wa Kito waliokuwa wakiburuza mkia ligi hiyohiyo, hakuwahi kukimbia mechi.

Kalunde ndiye aliyemlea Lubango. Klabu yake ilikuwa daraja la tatu, haionyeshwi popote. Aliuza cherehani amnunulie viatu, akamfundisha miaka sita.

Shomvi akamchukua Lubango, akampa daktari, uwanja mzuri na jina. Alipocheza, nchi nzima ilikaa mbele ya televisheni.

Siku ya mechi ya mwisho, Kito walikuwa wameshashuka daraja, na miezi mitano bila mshahara. Mwidadi akawaambia wachezaji, "Tusipotokea, hakuna mechi." Wakatokea, wakapambana na Mwambao mpaka dakika ya tisini, Lubango alipofunga. Haikuwahi kutazamwa mechi kama ile. Kituo cha televisheni kikawapa viongozi wa ligi fungu la fedha la ziada, wampe waliyeona anastahili.

Siku hiyohiyo vijana wa Kalunde walisafiri juu ya lori la tumbaku, kwa kukosa nauli ya basi. Lori likapinduka. Kipa wao, Sizya, akafa.

Kalunde aliingia kwenye kikao cha ligi akiwa bado na kanga ya msiba.

"Pole sana, dada yangu," alisema Shomvi. "Lakini nisipopata fungu hili, namuuza Lubango nje. Akiondoka, nani atatutazama? Mwakani hatutakuwa na cha kugawana."

"Wangu walicheza na njaa," alisema Mwidadi. "Wana watoto."

Kalunde alikuwa na mengi kifuani. Yakatoka machache tu: "Nimebaki na vijana kumi na tisa. Kwenye lori siwapandishi tena. Bila basi, nafunga klabu."

Viongozi wa ligi wakapiga hesabu. Likikatwa mara tatu, fungu halinunui basi, halilipi mishahara, halimbakishi Lubango. Wakaahirisha kikao.

Kalunde akarudi Urambo kwenye matanga. Mama yake Sizya alimshika mkono, akamkalisha mkekani kando yake.

Fungu lingali halijagawiwa. Ninyi mnaonisikiliza, lingekuwa mikononi mwenu, mngempa nani, na wale wawili mngewaambia nini?