Ombi la Watu wa Kidanga

Alitawala katika jiji la Zumaridi Sultani Shahibu bin Nuhani, mwenye enzi na insafu, na katika himaya yake mlikuwa na mji mdogo wa Kidanga, ambao liwali wake alikuwa mwanamke, Siti Kamaria binti Sharafu. Tufani ikaupiga Kidanga siku tatu, ikabomoa nyumba mia mbili na kufukia visima vyote, na Siti Kamaria akaandika hati ya maafa, akasafiri siku kumi na mbili hadi barazani kuomba msaada.

Waziri akaisoma hati, akamnong'oneza, "Bibi, andika mia tano. Kila mji huongeza."

"Mheshimiwa, sikuja kuziombea nyumba ambazo hazikuanguka."

Na Sultani alikuwa na jini, jina lake Harmaluki, aliyetiishwa kwa pete ya yakuti, na kazi yake ni kukagua maafa. Na mji uliosema uongo haukupata hata boriti moja. Jini akaruka, na kabla kahawa haijapoa akarudi akinguruma:

"Maulana, mwanamke huyu mwongo! Nyumba zilizoanguka ni mia moja na arobaini tu, na visima viwili vina maji!"

Siti Kamaria akatabasamu, machozi yakimlengalenga.

"Maulana, nilipoondoka zilikuwa mia mbili. Muulize jini wako, hizo sitini, kuta zake si mbichi, na visima hivyo viwili si vimefukuliwa upya?"

Jini akainamisha pembe. "Mbichi, wallahi, na visima vina udongo mpya kandokando. Na watu wanakandika huku wakiimba."

"Basi hao ndio watu wangu," akasema, na shingo yake ikanyooka. "Wamenituma niombe, lakini hawakuketi kuningoja."

Sultani akasimama, jambo asilowafanyia hata wafalme, akasema, "Leo naona fahari kuitwa sultani wao."

Akatoa boriti, chokaa na nafaka, na akampeleka Harmaluki abebe mawe, na mafundi wa Kidanga wakawa wakimkemea kila alipopindisha ukuta. Mji uliposimama, Sultani akamposa Siti Kamaria, naye akaridhia kwa sharti abaki liwali. Harusi ikachezwa Kidanga siku saba, na neema ikawajaa.

Nasi wasimulizi twasema: aombaye kwa ukweli, huku akijishughulisha, huomba akiwa amesimama.