Kideri Ameingia

Hadithi!
— Itue!
Itue wapi?
— Itue uani!
Uani kuna nini?
— Kuna majivu!
Na kabla ya majivu?
— Palikuwa na kuku!

Basi kaeni vizuri. Mwenye mafua akae kule mwisho, karibu na mlango. Simfukuzi, namweka mahali pake, na mtajua kwa nini.

Palikuwa na kuku mmoja, jina lake Bi Kibwenzi, kwa sababu ya kile kishungi cha manyoya utosini. Umbo dogo, mguu mfupi, mdomo mrefu. Mumewe alikuwa Bwana Kuchi, jogoo wa shingo ndefu aliyetembea uani kana kwamba ua ameujenga yeye. Pamoja na watoto na wajukuu walikuwa ishirini kasoro mmoja. Binti yao wa mwisho, Tembe, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuatamia mayai yake ya kwanza, mayai tisa, ndani ya jiko bovu upande wa pili wa ua.

Alikuwepo na Kenge. Kenge alikaa mtoni, mnene, mkia mrefu, na kila akiona njaa alipanda kuja uani. Kwaru, kwaru, kwaru. "Nimekuja kukagua," anasema. Na kukagua kwake mnakujua. Alikagua yai la huyu, akakagua kifaranga cha yule, akajifuta mdomo akarudi mtoni. Nani angemwuliza? Mkia wake mmoja ulitosha kuwalaza kuku sita.

Siku moja akaja mgeni. Bi Kishingo, shangazi yake Bwana Kuchi, yule asiye na manyoya shingoni, alitoka mnadani kwa miguu. Alifika anapiga chafya. Chii. Chii.

"Ni vumbi la njiani," akasema.

Bi Kibwenzi akamwonea huruma. Desturi ya pale ni kwamba mgeni hunywa maji kwanza, kisha wenyeji hunywa chungu kile kile, mkubwa kwa mdogo, kuonyesha kwamba hawamchukii. Mgeni akanywa. Wakafuata wote. Mgeni akapewa ufito wa juu, wenyeji wakalala chini yake. Tembe peke yake hakutoka kusalimia, maana kuku anayeatamia haachi mayai yakapoa.

"Huyo binti yako hana adabu," akasema Bi Kishingo. "Nimetoka mbali hivi, hata shikamoo?"

"Nisamehe, shangazi," akasema Bi Kibwenzi, na aibu ikamshika kweli kweli. Akaenda mpaka mlango wa jiko, akamsema Tembe kwa sauti ili mgeni asikie. Alimsema mpaka mtoto akalia.

Siku ya tatu Bi Kishingo akapinda shingo. Akatazama juu, akatazama nyuma, akazunguka, akaanguka. Pu. Kesho yake wakafa watatu. Kesho kutwa wakafa wanne. Kinyesi kikawa kijani, mabawa yakaburura chini, na waliobaki wakawa wanakoroma wakiwa macho. Kroo, kroo.

Ndipo akaitwa Korongo, ambaye ndiye aliyekuwa bwana mifugo wa upande ule. Alikuja na mkoba wake kwapani, akasimama nje ya ua. Hapo tu Bi Kibwenzi alijua mambo yameharibika, kwa sababu Korongo hajawahi kusimama nje ya ua wenye chakula.

"Pita ndani, bwana mifugo."

"Sipiti, mama. Nimeona kutoka hapa. Hiki ni kideri. Kimeingia."

"Dawa yake?"

Korongo akanyanyua mguu mmoja, akaushusha, akanyanyua wa pili. "Kikishaingia hakina dawa. Kina chanjo, nayo ni ya wazima, kabla hakijaingia. Na chanjo yenyewe imeniishia. Mwezi uliopita nilipita hapa nikiwa nayo."

Alipita kweli. Alipita na kichupa chake cha matone ya macho, na aliyemjibu ni Bi Kibwenzi huyu huyu. Alimwambia kuku wake ni wazima, akawatie matone wagonjwa. Sasa maneno yale yalimrudia moja moja na kumchoma, na hakuwa na pa kuyaweka.

"Sikiliza," akasema Korongo. "Mgonjwa mtenge. Aliyekufa mtie shimoni, mwagia chokaa. Chungu kisichangiwe. Kila mguu upite kwenye majivu. Asiingie mtu, asitoke mtu, siku ishirini na moja. Na akifa mmoja katikati, hesabu inaanza moja."

"Inaanza moja?"

"Inaanza moja. Yupo aliye mzima?"

"Yupo binti yangu, kule jikoni. Hakutoka kusalimia mgeni."

"Jikoni ana chakula?"

"Ana pumba gunia zima na mtungi wa maji."

"Basi asitoke. Na wewe usimkaribie, hata akikuita. Huyo ndiye uliyebaki naye."

Akaacha kikapu cha chokaa mbichi pale nje, akamwaga majivu langoni, akayakanyaga mguu huu na mguu huu, akaruka akaenda zake.

Wakaanza moja. Siku ya tano wakafa wawili. Wakaanza moja. Siku ya tatu wakafa saba. Wakaanza moja. Siku ya sita akafa Bwana Kuchi. Alfajiri ile alipanda juu ya kinu ili awike, kama kawaida yake. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, kikatoka kitu kama mlango unaofunguliwa polepole. Akamtazama mkewe kwa haya, akashuka. Adhuhuri hakuwepo. Bi Kibwenzi akamburuta kwa bawa mpaka shimoni, mume mzito, mke mdogo, na hakuwa na wa kumsaidia kulia. Akamwagia chokaa. Safari hii hawakuanza. Alianza, peke yake. Moja.

Siku ya pili yake, asubuhi, Bi Kibwenzi akapiga chafya. Chii. Akajiambia ni vumbi. Halafu akakumbuka nani alisema hivyo.

Na siku hiyo hiyo Kenge akaona njaa. Majuma yote yale alikuwa akila samaki walioachwa na mafuriko, sasa samaki wamekwisha. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Hodi," akasema, akiwa ameshaingia. "Nimekuja kukagua. Mbona kimya hivi? Kuku wako wapi?"

Kabla Bi Kibwenzi hajajibu, jikoni kukasikika sauti ndogo. Pwi.

Mayai ya Tembe yalikuwa yameanza kupasuka.

Kenge akageuza shingo kuelekea jikoni. Bi Kibwenzi naye akatazama huko. Mlango wa jiko ulikuwa wa makuti. Humo ndani mlikuwa na kila kitu alichobakiza duniani, na kati yake na Kenge hapakuwa na kitu ila kuku mgonjwa mwenye mguu mfupi.

"Wameliwa," akasema upesi.

"Wameliwa na nani?"

Kuku mkweli angejibu kwamba kideri kimeingia. Na Kenge angecheka, maana ugonjwa wa kuku unamhusu nini kenge? Bi Kibwenzi akaitoa ile ki, akaweka a.

"Kideri ameingia."

"Ameingia?"

"Ameingia."

"Kideri ndiye nani?"

"Mgeni. Alikuja na shangazi."

"Ana meno?"

"Hana."

"Ana kucha?"

"Hana."

"Amekula wangapi?"

"Kumi na saba, na shangazi juu yake."

"Ameshiba?"

"Hashibi."

Angalieni hapo. Katika maneno yote hayo uongo ni herufi moja tu. Mengine yote ni kweli tupu, na alipokuwa akiyasema sauti ilimtetemeka kwa sababu ni kweli.

Kenge akavimba. Si kwa huruma, kwa wivu. "Kumi na saba? Katika ua ninaoukagua mimi? Yuko wapi huyo asiye na meno?"

"Yuko shimoni kule nyuma. Amelala juu ya alivyobakiza, amejifunika shuka jeupe."

"Amebakiza?"

"Hajammaliza hata mmoja."

Kenge akameza mate. Akatazama shimoni, akatazama jikoni. Pwi, pwi. "Na jikoni kuna nini?"

"Mlango unalia, makuti yamelegea. Lakini wewe ndiye mkubwa. Ukitaka anza na mlango, yeye aamke amalizie nyama."

Mlafi hajui kusubiri. Kwaru kwaru kwaru kwaru, mbio, mdomo wazi, akajirusha shimoni. Pwaa. Chokaa ikapanda juu, ikamwingia machoni, puani, kooni. Na Kenge ni mtu wa mtoni, hakauki. Mnajua chokaa mbichi ikikutana na maji inafanya nini. Ilichemka mwilini mwake. Chaaa. Akatoka mle shimoni bila kuaga, akapita uani, akapita kwenye majivu kwa miguu yote minne kama alivyoagiza bwana mifugo, mpaka mtoni. Chubwi. Mpaka leo Kenge haamini macho yake. Popote anapokwenda hutanguliza ulimi, anauliza kama Kideri yumo.

Bi Kibwenzi akacheka. Tangu mgeni aje hajacheka, na kile kicheko kikamletea chafya ya pili, ya tatu, ya nne. Alipotaka kunyoosha shingo, shingo ikakataa, ikabaki imeelekea nyuma. Ndipo kicheko kikamkauka. Kenge ana tamaa, unaweza kumdanganya. Kideri hakina tamaa, hakina wivu, hakina hata masikio. Ukikiita hiki au huyu, kwake ni sawa.

Akaenda upande wa jikoni. Alisimama hatua kumi kutoka mlangoni, upande ambao upepo haukutoka kwake kwenda kule.

"Mama," Tembe akaita. "Nani alikuwa analia?"

"Kenge. Amekwenda kuoga."

"Mama, wametoka saba. Mawili hayana kitu. Mmoja ana kishungi kama chako. Njoo umwone."

Bi Kibwenzi alitaka kwenda. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka mtama, maji au uhai. Hatua kumi, pazia la makuti, amwone mmoja tu, arudi. Akaangalia miguu yake na kuiona inasogea, akaizuia.

Na alijua jambo jingine. Alijua akifia pale uani, Tembe atachungulia kwenye makuti, atamwona mama yake kalala, atatoka kumzika. Mtoto yeyote angetoka. Na akitoka, vifaranga saba watatoka nyuma yake. Pwi, pwi, pwi.

"Siwezi kuja," akasema. "Mgeni anaondoka."

"Mgeni gani?"

"Kideri. Anaondoka leo. Lazima nimsindikize."

"Utamsindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka nihakikishe hatarudi. Wewe hesabu ishirini na moja, ndipo utoke. Ukiniona sipo, usinitafute. Nipo njiani."

"Nisitoke kukuaga?"

"Usitoke."

"Utasema sina adabu."

"Nilikusema mbele ya mgeni, mwanangu, nikakuliza. Nilikosea. Katika nyumba yote hii, wewe ndiye uliyefanya la maana."

Akageuka. Alitembea upandeupande, shingo nyuma, macho yakitazama anakotoka. Alifika shimoni, akashuka kwa mabawa yaliyolegea, akajilaza karibu na Bwana Kuchi. Kwa mguu wake mfupi akachakura ile chokaa iliyobaki ukingoni, ikashuka juu yake. Akajifunika shuka jeupe.

Jikoni, Tembe akahesabu moja.

Msidhani hakujua. Tembe alijua kama mnavyojua nyinyi kwamba kideri hakisindikizwi. Aliisikia ile a mdomoni mwa mama yake na akaelewa yote. Lakini alikaa juu ya wanawe saba, akahesabu. Mbili. Tatu. Alilia na kuhesabu, na hakuchungulia.

Siku ya ishirini na moja Korongo akaja na kichupa kipya. Akawatia wote tone la jicho, mmoja mmoja, na wa mwisho akawa yule mwenye kishungi.

"Bwana mifugo," Tembe akamwuliza, "hukukutana na mama njiani?"

Korongo akanyanyua mguu mmoja, akaushusha. "Nilikutana naye," akasema. "Bado anamsindikiza."

Mnataka funzo, najua, hamwezi kulala bila funzo. Funzo ni hili. Mgeni akija, acheni yote mliyoyaatamia, tokeni mkamsalimie, mnywe naye chungu kimoja. Na msiseme uongo, hata wa herufi moja. Uongo haujawahi kumwokoa mtu.

Hadithi!
— Iruke!
Ipite wapi?
— Kwenye majivu!
Uani kuna nini?
— Kuna vifaranga saba!
Na bibi yao?
— Anasindikiza mgeni.