Kanga ya Mwezi na Vishimo vya Uso Wake

Anayesinzia asogee nyuma, anayetaka kujua asogee mbele.

Hapo kale uso wa Mwezi ulikuwa laini, hauna hata chunusi. Yeye na mdogo wake, Dunia, walirithi kwa mama yao doti moja ya kanga, nyepesi kama hewa, na kila mmoja alijifunika kipande chake. Punje za vumbi zilizokuja mbio kutoka kwenye nyota ziliungua kwenye kanga hizo kabla ya kugusa ngozi.

Mwezi alikuwa mdadisi kupita kiasi. Kila akiona cheche juu yake aliuliza, "Hii nayo imetoka wapi?"

"Dada nawe! Utazeeka unauliza," Dunia alimcheka.

Lakini Mwezi hakuwahi kuishika hata punje moja, na jambo hilo lilimkera.

Kisha Dunia akajifungua watoto wengi ajabu, wenye mbawa, wenye magamba na wenye miguu. Kanga yake akaifanya mbeleko. Alipowabeba mgongoni, vichwa vyao vilibaki wazi. Punje moja ikampiga kitinda mimba, akalia kilio cha kukata maini.

"Dada, nifanyeje? Watoto watakwisha, na kanga ninayo moja!"

Mwezi alijishika shavu. Aliupenda sana uso wake, tusidanganyane. Hata hivyo alivua kanga yake, akawafunika watoto wote.

"Na uso wako?"

"Utajijua wenyewe. Kwani mimi si mama yao mkubwa?"

Punje ya kwanza ilimchoma kama kaa la moto, akapiga yowe. Lakini mdadisi ni mdadisi. Alipitisha kidole kwenye kishimo kilichobaki, akakuta jiwe limeyeyuka na kuganda, linang'aa kama kioo. Iliyofuata ilikuja kutokea ubavuni, nayo ikaacha kishimo kilicholala upande, kikimwonyesha ilikotoka. Basi akaanza kupata majibu yake, kidogo kidogo, kwa maumivu.

Na tangu siku hiyo mawe ya Mwezi yamejaa vishimo, vingine vidogo kuliko tundu la sindano. Siku hizi wana wa Dunia wamekwenda kuchukua baadhi ya mawe hayo. Wanayainamia na lenzi zao, wanapima kina na upana, wanaulizana, "Hii nayo imetoka wapi?" Udadisi wameurithi kwa mama yao mkubwa.

Kanga yake hawajamrudishia mpaka leo.