Nyika Iliyokataa Watu

Hapo zamani, jamani, milimani watu walibanana kama punje za muhindi. Chini ya milima nyika ilitanda tupu. Ungetembea kutwa nzima usione moshi wa jiko.

Huko milimani waliishi ndugu wawili, Mwandoe na Mwakio. Baba yao alipokufa aliwaachia shamba moja. Mwandoe, mkubwa, mwenye watoto wengi, akalishika lote.

"Tukiligawa tutakufa njaa sote," akasema. "Nyika ile ni pana. Nenda huko."

Mwakio akamwambia mkewe, Mghoi, "Funga mizigo."

"Nchi pana hivyo," Mghoi akauliza, "mbona haina watu?"

Mama yake Mwakio alikuwa amekaa papo hapo. Yeye alijua. Utotoni aliwaona wajomba zake wakishuka nyikani, wala hakurudi hata mmoja. Akainamisha kichwa, akanyamaza.

Wakashuka na binti yao mdogo, Wakesho. Ilikuwa masika. Majani mabichi, dimbwi limejaa pomoni. Wakalima, wakavuna, wakashiba. Kisha kiangazi kikaingia, dimbwi likaanza kushuka.

"Baba Wakesho, turudi maji yangalipo."

"Turudi kwa nani? Mvua i karibu."

Mvua haikuja. Dimbwi likawa tope, tope likapasuka. Ndipo wakaondoka, maji yao kibuyu kimoja. Njiani Mwakio akaanguka. Mghoi naye alikuwa hoi, hana nguvu za kumbeba mtoto. Akamtazama binti, akamtazama mume. Maji yaliyobaki akampa mume.

Mwakio akainuka, akambeba Wakesho mgongoni, wakapanda mlima. Walipofika nyumbani, mtoto alikuwa ameshakata roho.

Matangani maneno yakawatoka.

Mwandoe akasema, "Nilikuwa na vinywa vya kulisha. Ningewanyima wanangu?"

Mama yao akalia: "Ningesema, wangebaki, na hapa palikuwa na njaa. Nilidhani labda wao nyika itawapokea."

Mwakio akasema, "Mtu hurudije mahali alipofukuzwa?"

Mwisho Mghoi akawageukia. Kisha akasema, "Asingeinuka yeye, tungekufa wote watatu palepale. Kibuyu kile mngempa nani?"

Na nyika mpaka leo ipo, pana, haina mtu.

Basi nanyi mmewasikia wote wanne. Je, damu ya Wakesho i mikononi mwa nani?