Pipa la Nakijwa

"Udongo uliochoka haunyweshwi kwa pupa." Mmeisikia leo kinywani mwangu, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, kaeni, ila msinihimize, nimechoka. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia kwetu, milimani Upare.

Nakijwa alikuwa mke wa marehemu kaka yangu. Kaka alipofariki alimwachia watoto wawili na shamba lililochakaa, miaka kumi mahindi juu ya mahindi. Maharage aliyopanda Nakijwa yalitoka ya manjano, yakadumaa. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa ndiva, bwawa la ukoo wetu, na kila shamba lilipata maji kwa zamu niliyopanga mimi. Nikamwambia Nakijwa: maharage haya yasiposimama kufikia mwisho wa mwezi, shamba linarudi kwenye ukoo, nawe unarudi kwenu. Zamu yake ya maji nikampa mwingine. Nilisema maji hayamwagwi kwenye shamba lililokufa. Nilijiona mtu mwenye busara, jamani.

Hakubishana. Alichukua pipa, akafunga mboji yake kwenye gunia, akailoweka pipani kama majani ya chai, iwe mbolea ya maji. Asubuhi anakoroga, jioni anakoroga, isije ikavunda. Watu wakacheka kwamba mjane anaupikia udongo chai. Mwanamke mmoja aliyemfundisha kazi hiyo alimwonya: kopo moja la chai hiyo, makopo kumi ya maji. Na maji yenyewe Nakijwa aliyateka mtoni kule bondeni, ndoo kichwani, baada ya kutwa nzima ya vibarua.

Zikabaki siku nne mwezi uishe. Nikapita, nikamuuliza, "Shemeji, umeshaanza kufungasha?" Kesho yake akaimwaga ile chai nzito vilevile, bila kuichanganya na maji. Siku ya tatu majani ya maharage yalikuwa yameungua kingo zote.

Nilimkuta ameketi kwenye tuta. Hakuwa akilia. Nikamwambia, "Unaona sasa pupa yako?"

"Udongo uliochoka haunyweshwi kwa pupa, shemeji," akasema taratibu. "Hilo nalijua. Lakini ndoo moja ya mtoni haitoshi shamba zima. Ningeichanganya na nini? Mate?"

Nikautazama mfereji wake, mkavu.

"Mume wangu hana hata miezi miwili kaburini," akaendelea. "Na mimi nimechoka kama hili shamba. Mavuno unayataka, maji umeninyima."

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Jioni hiyo nilifungua ndiva, nikaugeuzia mfereji kwake, kwa zamu yangu mwenyewe. Mwezi ukaisha, sikumtajia tena habari ya kurudi kwao. Alipanda upya, akawa anamwagia chai nyepesi kila baada ya wiki mbili. Msimu huo alivuna kibaba tu, cha kuonja. Wa tatu ndipo udongo ulipoanza kuwa mweusi, na minyoo ikarudi.

Watu husema methali hii inamhusu Nakijwa na pipa lake. Wanakosea. Mwenye pupa nilikuwa mimi, na udongo uliochoka alikuwa yeye. Basi nanyi mkimkuta mtu amechoka, mpeni maji kwanza, na muda mumpe. Udongo uliochoka haunyweshwi kwa pupa.