Pimbi na Majani Kumi na Moja ya Bi Kanga

Hadithi ya leo ina masikio.

— Itusikie.

Ina miguu.

— Itufikie.

Ina mkia mrefu.

— Tutaushika, isitukimbie.

Haya, ushikeni.

Zamani hizo wanyama walikaa pande mbili: nusu Mtoni, nusu Mlimani, na katikati kuna kichaka cha miiba ambacho hata nyoka alikipita huku akijuta. Njia ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya Ndovu. Aliikata mwenyewe kwa kifua chake, du, du, du, mpaka miiba ikalala. Hilo hakuna aliyelibisha. Kwa hiyo ukiwa na neno la kupeleka upande wa pili, ulimwendea Ndovu.

Na Ndovu alikuwa na utaratibu wake. Kila safari alibeba ujumbe mmoja. Unamwambia sikioni, anaifunga njia kwa gogo, anakwenda, du, du, du, anausema, kisha anakaa kitako kungoja jibu. Jibu lisipokuja, haondoki. Asipoondoka, gogo halifunguliwi. Mwaka mmoja Fisi aliuliza Mlimani, "Habari za siku nyingi?" Shemeji yake akafikiri siku tatu, ndipo akajibu, "Nzuri." Siku tatu hizo Mtoni nzima ilikaa kimya, kwa kuwa njia ilikuwa imeshikwa na salamu za Fisi.

Basi akatokea Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama wa mawe, ukubwa wake kama sungura aliyeshiba, mkia hana hata wa kuonyesha wageni. Wenye elimu wanasema yeye na Ndovu ni ukoo mmoja. Pimbi aliwaamini sana wenye elimu. Ndovu hakuwa na haja nao.

Pimbi alisema moyoni, "Neno moja halihitaji njia nzima." Akabuni mtindo wake. Ujumbe aliukata vipande: jani moja, neno moja, na juu ya kila jani namba yake na upande linakokwenda. Kisha akang'ata ukingo wa majani ya ujumbe mmoja kwa namna moja, ili dada yake aliyeko Mlimani ayajue kuwa ni ndugu na yanakwenda kwa nani. Majani ya watu wote yakaingia kikapu kimoja, yakachanganyika. La tatu likitangulia la kwanza, si neno, dada atayapanga. Jina la mwenye ujumbe halikuandikwa popote. Pimbi alisema ni kupoteza wino.

Kazi ilikuwa nzuri, ila njia si yake. Akapeleka ombi kwa Tume ya Mawasiliano ya Pande Mbili. Mwenyekiti wa Tume alikuwa Korongo, ambaye husimama mguu mmoja akilitazama swali mpaka swali lenyewe lichoke. Katibu alikuwa Nungunungu, aliyeajiriwa kwa sababu anakuja na kalamu zake. Tume ikakaa, ikala chakula cha mchana, ikakaa tena, ikatoa waraka: Ndovu apitishe mizigo ya wenzake kwenye njia yake kama anavyopitisha ya kwake. Na Pimbi akapewa leseni ya majaribio ya siku saba, kuanzia Jumamosi hadi Ijumaa. Asipofikisha hata ujumbe mmoja mzima, leseni itafutwa, na habari zote zitarudi kwa Ndovu.

Mteja wa kwanza alikuwa Bi Kanga. Alikuja akitembea upesi upesi, kama mtu aliyeacha kitu motoni.

"Bwana Pimbi, nina mayai kumi na moja. Yanaanguliwa Ijumaa. Nikifunika haya, yale yanapoa. Nikifunika yale, haya yanapoa. Nina dada yangu Mlimani, nataka aje."

"Ndovu umemwendea?"

"Amesema nisubiri. Amebeba ujumbe wa Nyati, na Nyati anagombana na mkwewe."

"Sema maneno yako, mama. Ila yawe machache."

Bi Kanga akasema, Pimbi akaandika: Dada, njoo, mayai kumi na moja yanaanguliwa Ijumaa, mabawa yangu hayatoshi. Majani kumi na moja. Bi Kanga akayahesabu mara mbili, akasema ni sawasawa na mayai, akarudi mbio kiotani.

Jumamosi Pimbi akapeleka kikapu kwa Ndovu.

"Mjomba, shikamoo. Nimeleta mzigo wa wageni."

"Usiniite mjomba. Weka pale. Nafasi ikipatikana."

Jumapili Pimbi akaenda tena. "Mjomba, shikamoo. Nafasi imepatikana?"

"Marahaba. Usiniite mjomba. Nafasi ikipatikana."

Jumatatu Pimbi akaenda tena. Kikapu kiko pale pale, na buibui ameshaanza kujenga. Ndovu akampita, du, du, du, amebeba jibu la mkwe wa Nyati. Njia nzima, huku na huku, ilikuwa tupu kama kibuyu kilichotoboka.

"Waraka unasema unipitishe kama unavyojipitisha mwenyewe," Pimbi akasema.

"Mimi mwenyewe hupita nafasi ikipatikana," akasema Ndovu. "Na yangu hupatikana."

Jumanne Pimbi hakwenda kwa Ndovu. Alikaa juu ya jiwe lake akiwaza. Kulalamika Tume aliweza, lakini jalada la malalamiko alikuwa ameliona: Nungunungu hulikalia ili afikie meza. Malalamiko yake yangesomwa wajukuu wa Bi Kanga wakiwa na wajukuu. Na bila ujumbe ule, mayai yatakayopoa yatapoa kwa sababu Bi Kanga alimwamini yeye.

Basi akaandika barua ya shukrani.

Aliandika kwa mwandiko mzuri: kwamba anaishukuru Tume kwa waraka wake wenye hekima, kwamba Ndovu anayapokea majani ya wageni kwa tabasamu, kwamba yakiondoka asubuhi, yanafika Mlimani jua halijawa kali, kwamba huduma kama hiyo hajapata kuiona. Kweli hajapata kuiona. Hilo peke yake ndilo lililokuwa la kweli katika barua nzima.

Jumatano barua ikafika Tume. Nungunungu akaisoma, akaigeuza akatazama nyuma.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa pana tatizo. Tuna jalada la malalamiko, jalada la vitisho, na jalada la maombi ya kazi ya wapwa zetu. La shukrani hatuna."

Korongo akashusha mguu wa pili. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuona mguu ule ukigusa chini ofisini.

"Fungua jipya," akasema. "Na mwite Ndovu."

Ndovu akaja, du, du, du. Pimbi naye alikuwapo, amejibanza karibu na mlango, mnyenyekevu kama kigoda.

"Tumepata habari zako," Korongo akaanza. "Unayapeleka majani ya wageni kwa siku ile ile. Au si kweli?"

Ndovu akamtazama Pimbi. Pimbi akatazama kucha zake. Ndovu alikuwa na kichwa kikubwa, na ndani yake mlikuwa na nafasi ya kutosha kuona mambo mawili kwa pamoja: akisema si kweli, amekiri kuvunja waraka, akisema ni kweli, lazima iwe kweli.

"Tunajitahidi," akasema kwa sauti ndogo.

"Safi sana," akasema Korongo. "Basi kuanzia kesho nyaraka za Tume kwa tawi letu la Mlimani zitapita humo humo, kwenye kikapu cha wageni. Katibu, tuanze na ule mwaliko wa semina ya siku mbili juu ya kufupisha mikutano."

Mwaliko ule ulikuwa na maneno mia mbili na kumi. Pimbi akaukata wote, isibaki hata nukta, akang'ata kingo, akachanganya na majani ya Bi Kanga na ya wengine, akatikisa kikapu, chaka-chaka-chaka.

Alhamisi alfajiri Ndovu akamngoja njiani.

"Ya Tume ni yapi?"

"Siyajui, mjomba."

"Unionyeshe ya Tume niyatangulize. Haya mengine yatafuata."

"Nikikuonyesha itakuwa ubaguzi, na waraka umekataza ubaguzi. Hata mimi mwenyewe nimejizuia kuyajua."

Ndovu akalitazama kila jani. Hili linasema "na". Lile linasema "yangu". Jingine linasema "kuzingatia", na hapo alidhani amepata, lakini angejuaje kama si Nyati aliyekwenda shule? Akaguna. Akakibeba kikapu kizima, na kwa mara ya kwanza tangu njia ile ikatwe, Ndovu alikwenda mbio kwa ajili ya watu wengine. Du-du-du-du-du.

Saa sita mchana akarudi, pia mbio, ametota jasho.

"Pimbi. Njoo huku pembeni."

"Kuna nini, mjomba?"

Safari hii hakukataa kuitwa mjomba. "Mimi ni mla majani," akasema. "Unajua hivyo. Nimezaliwa hivyo. Nilikuwa nakwenda, nafikiria mambo yangu, mkonga ukaingia kikapuni wenyewe."

"Umekula mangapi?"

"Moja. Dada yako anasema amepanga yote, pana pengo kwenye namba nane. Hakuniambia ni ya ujumbe gani. Kama ni ya Tume, Pimbi, nimekula waraka wa serikali."

Pimbi akaenda kwenye jiwe lake. Kila ujumbe aliuwekea nakala chini ya jiwe mpaka jibu lirudi. Ndivyo alivyoanza, kwa sababu majani hupeperuka na wapeperushaji hawakiri. Ujumbe wa wengine haukufika maneno manane. Nakala ya Tume iliandikwa namba nane: "tafadhali". Bila neno hilo semina haiharibiki. Ya Bi Kanga iliandikwa namba nane: "Ijumaa". Akaelewa kwamba lililoliwa ni hilo, maana dada yake hangemrudisha Ndovu mbio namna ile kwa ajili ya tafadhali. Kule Mlimani, dada yake Bi Kanga alikuwa amesimama na mayai kumi na moja yasiyo na siku.

Angeweza kumwambia Ndovu, "Si la Tume, pumzika." Ndovu angekaa chini, akapumzika hadi Jumamosi.

"Ni baya hilo, mjomba," akasema. "Sithubutu hata kulitaja." Akaandika jani jipya, akaling'ata ukingo, akampa. "Namba nane. Likifika kabla jua halijazama, hakuna atakayejua. Usilitie kikapuni. Lishike mkongani, mbele ya macho yako."

"Na nikihisi njaa?"

"Imba."

Basi Ndovu akaenda kichakani akiimba, na wanaojua wanasema hana sauti mbaya.

Ijumaa mchana Tume ikakaa. Korongo akauliza, "Ushahidi wa ujumbe mmoja mzima uliofika uko wapi?"

"Ni dada yake Bi Kanga," akasema Pimbi. "Amefika asubuhi. Ila hawezi kuja mbele ya Tume. Amekalia mayai matano."

"Na Bi Kanga mwenyewe?"

"Amekalia sita."

Korongo akainua mguu, akafikiri, akaushusha. Kanuni zilisema shahidi aje mbele ya Tume. Hazikusema Tume isiende mbele ya shahidi. Wakaondoka wote kwenda kiotani, na Nungunungu akaambiwa asimame mbali kwa sababu za kiusalama, aandike kwa kusikia.

"Ulipata ujumbe wako wote?" Korongo akamwuliza dada mtu.

"Wote," akasema. "Ijumaa ilichelewa kidogo. Shusheni sauti."

Wakashusha sauti. Ndovu aliyekuja kusikia kama amesemwa akazuia hata pumzi. Katika kimya hicho likasikika ko, ko, ko, kisha tik, kisha vii, vii, vii, huku mayai matano na huku sita. Ndovu akainama kutazama, masikio yake yakawatilia kivuli wote, na hakuna aliyemwambia ajisogeze.

Kumbukumbu za kikao kile zipo mpaka leo, kwa mkono wa Nungunungu. Zinasema leseni imethibitishwa kwa kauli moja. Chini yake, kwenye orodha ya waliohudhuria, zinasema: Mwenyekiti, Katibu, Bwana Pimbi, Bwana Ndovu, Bi Kanga na dada yake, pamoja na wajumbe wapya kumi na mmoja, ambao walifika wakati kikao kikiendelea na wakachangia hoja.

Na funzo, kama lilivyopitishwa na Tume na kubandikwa mlangoni, ni hili: ukionewa, kaa kimya, sema kweli tupu, na umngoje mkubwa apate nafasi.

Mimi niliisikia fupi, nimewapa ndefu. Anayeitaka fupi akaiombe kwa aliyenipa. Lakini yule naye, nawaonya, huanzia mbali.