Masinia Yaliyofunikwa

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika ardhi ya Iraki palikuwa na mji wa wafumaji, na katika mji huo aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Lubaba binti Nuaimi, mwenye tanuri la kuokea mikate. Watu wa mtaa ule hawakuoka majumbani. Kila alfajiri mama wa nyumba alikanda unga wake, akaupanga kwenye sinia, akaupeleka kwa Bibi Lubaba. Naye aliuoka, na katika kila mikate kumi akachukua mmoja kuwa ujira wake. Ndiyo kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe, akala jasho lake miaka thelathini wala hakulalamikiwa na mtu.

Kisha ukaja mwaka mbaya. Njia ya misafara iliingia vita, wanunuzi wa vitambaa wakakatika, na mji uliokuwa ukila kwa kitambaa ukabaki unakitazama kitambaa chake. Hali haikuharibika kwa siku moja, ndugu zangu. Kwanza harusi ziliahirishwa. Kisha mnadi wa sokoni, aliyezoea kunadi ngamia, akawa ananadi sufuria za watu. Mzee Attabu, mtia rangi nguo, aliyekuwa na mikono ya buluu tangu ujana wake, mikono yake ikatakata, naye akawa anaificha kwenye mikunjo ya kanzu kwa haya. Misikiti nayo ikajaa. Na isijae kwa nini, ilhali mtu hana kazi ya kumtoa pale?

Lubaba aliyaona hayo kabla ya wengine, kwa sababu masinia yote yalipita mikononi mwake. Mikate ilipungua ukubwa, halafu ikapungua idadi. Ngano ikachanganywa na shayiri, shayiri ikachanganywa na makapi.

Asubuhi moja alikuja Ummu Safwani, mke wa mfumaji mmoja, mama wa watoto watano. Sinia lake lilikuwa limefunikwa, tena zito. Lubaba akainua ncha ya kitambaa, akakuta madonge ya udongo yaliyofinyangwa vizuri mfano wa mikate. Mama wa watu hakuwa na unga hata wa kupaka kidole, ila aliona heri apite njiani na udongo kuliko majirani wajue kwamba kwake hamna kitu. Na nyuma yake walikuwa wamesimama wanawake wanane wakingoja zamu. Lubaba akarudisha kitambaa kama kilivyokuwa, akamwambia, "Liache hapo, mwanangu. Utakuja kulichukua baadaye." Aliporudi alilikuta lina mikate mitano ya moto. Ulikuwa ndio ujira wote wa Lubaba wa siku ile.

Kesho yake akatangaza kwamba tangu hapo kila sinia lije limefunikwa, la tajiri na la maskini, liachwe mlangoni na mwenyewe aende zake. Walimuuliza sababu. Hakuitoa, kwa kuwa ile ya kweli hakutaka kuisema, na kutunga ya uongo aliogopa. Wengine wakanong'ona kwamba bibi ameanza kuzeeka vibaya. Akawaacha wanong'one.

Lakini tanuri nalo linakula. Zamani Lubaba aliuza sehemu ya ujira wake akanunua kuni. Sasa mikate yote ya ujira ilikuwa ikiishia kwenye masinia ya wenye njaa. Rundo la kuni likashuka mpaka likabaki la siku tatu tu. Tanuri likizimika, mtaa mzima unakosa pa kuoka, zile nyumba zilizositiriwa zinakosa hata kile kidogo, na yeye katika uzee ule hana kazi nyingine anayoijua.

Hapo ndipo akaja Mughira bin Sabiti, mfanyabiashara wa nafaka. Alikuja baada ya swala ya alasiri, mtu wa adabu, akasalimu vizuri, akasifu tanuri. Akasema yuko tayari kumletea kuni za mwaka mzima, na haombi malipo. Anataka tu kujua ni nyumba zipi hazikandi tena unga.

Lubaba akamuuliza anataka kuzijua kwa nini.

"Nanunua nyumba," akasema. "Aliyeishiwa unga habishani bei. Nami sikuombi useme uongo, mama. Nakuomba useme kweli tu."

Wallahi, huo ndio mtihani wenyewe. Laiti angeambiwa aseme uongo, asingesita hata kidogo. Lakini ameombwa kweli! Akazitazama zile kuni zake chache, na majina yakamjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Alitamani kuni zile, wala tusimfiche. Akaleta istighfari moyoni, kisha akajibu kwa upole.

"Kweli hiyo si yangu, Bwana Mughira. Wenyewe wameniwekea chini ya kitambaa."

Mughira akaondoka amekasirika, akisema tutaona kama tanuri hilo litawaka kwa swala na saumu.

Halikuwaka. Siku ya nne watu walikuja na masinia yao wakakuta tanuri limepoa. Lubaba alisimama mlangoni akawaambia bila kuzunguka kwamba kuni zimekwisha na hana cha kununulia nyingine, wamvumilie. Akachukua kamba, akatoka nje ya mji kukata miiba ya jangwani, mwanamke wa miaka sitini na ushei. Alirudi jioni, mikono imechanika, na mzigo ambao haukutosha kupasha hata nusu ya tanuri. Alilala akilia. Asubuhi akaswali, akapiga moyo konde, akaishika tena kamba.

Siku ya pili Ummu Safwani alimfuata. Siku ya tatu walikuwa wanawake kumi. Ndipo waume zao wakaona haya. Wamekaa mbele ya vitanda vyao vya mfumi, vile vya kufumia nguo, visivyo na kazi, nao wana mikono mizima. Wakagawana siku, kila kundi na zamu yake, na tanuri likawaka. Mkate ukawa unanuka moshi wa miiba, lakini ulikuwa mkate.

Miezi ikapita, na masinia yakaendelea kuja yamefunikwa. Siku moja akaja mke wa Mughira, amejitanda uso, akaweka sinia akaondoka haraka. Lubaba akafunua. Vipande vya matofali. Ghala la Mughira lilikuwa limeingiwa na fukusi, wale wadudu wa nafaka, ngano yote aliyoilimbikiza ikawa vumbi, na nyumba alizokwisha kununua hazikuwa na wa kuzipanga wala wa kuzinunua.

Kwanza Lubaba alifurahi. Nasema kama nilivyopokea. Waja wema nao ni watu. Alifurahi kwa muda wa pumzi moja, kisha akaona haya mbele ya Mola wake mpaka machozi yakamtoka. Siku ile alikuwa amebakiwa na mikate mitatu, na mmoja ulikuwa chakula chake. Akaiweka yote mitatu, akafunika.

Asubuhi iliyofuata Mughira alikuja mwenyewe.

"Ni nani mwingine anayejua?" akauliza.

"Anajua Mola wako. Mimi nilipoona, nilifunika."

Mughira akalia mbele yake, mtu mzima. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na zile nyumba nilizokuuliza siku ile, nazo ulikuwa ukizifanyia hivi hivi?"

"Bwana Mughira," akasema Lubaba, "hata leo sikwambii."

Wanasema Mughira aliomba kamba siku ile ile, akaenda jangwani na wafumaji, akawa hakosi zamu. Mwaka wa pili vita vilikwisha, misafara ikarudi, na vitanda vya mfumi vikaanza kugonga tena mtaa mzima. Bibi Lubaba alipofariki, kila nyumba ilidai kwamba yenyewe ndiyo iliyokuwa na deni la dua kwake, na hakuna iliyosema kwa nini.

Ndugu zangu, nyakati ngumu zinakuja na kupita, na katika nyakati hizo tunaziona aibu za wenzetu hata tusipotaka. Basi ukiiona ya mwenzio, ifunike, na ukiweza uache na kitu chini yake. Mwenyezi Mungu atusitiri hapa duniani, na atusitiri siku ile ambayo kila sinia litafunuliwa. Amin.